Juma Moja la Shule Barazani

Wasomaji wetu wa visiwani, pamoja na waheshimiwa watumishi wa Serikali ambao huitupia jicho safu hii asubuhi kabla ya kufungua mafaili, wamezoea kutukuta tukizungumza habari za pamba, za barabara na za bei ya samaki. Leo tunaomba radhi tuwaingize nyumbani kwetu Chato, barazani, mahali ambapo kwa juma moja la mwezi wa Aprili, 2020, paligeuka kuwa shule yenye madarasa manne na walimu watatu ambao hakuna hata mmoja wao aliyesomea ualimu.

Habari za juma lile tuliziandika katika daftari siku baada ya siku. Majuzi tulilikuta chini ya sanduku tulipokuwa tukitafuta risiti ya mabati, nasi tukalisoma tukiwa tumesimama hadi mwisho. Mengi yaliyomo yanachekesha. Machache hayachekeshi hata kidogo, na ni kwa ajili ya hayo machache tumeshika kalamu.

Yafaa kwanza tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020, akiwa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule za awali, za msingi na za sekondari kwa muda wa siku thelathini. Vyuo vikafuata siku moja baadaye. Siku hizo zilipokaribia kwisha likaja tangazo jingine kwamba shule zingeendelea kufungwa. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirejea tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Ukihesabu tangu 17 Machi utapata siku 104. Hatukuwa peke yetu, maana duniani kote wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu walikaa nyumbani katika majuma yale. Na kando ya ziwa hili hili letu, wenzetu wa Kenya walianza kurejea kwa mafungu mwezi Oktoba wa mwaka ule, na wote kwa jumla Januari, 2021, ilhali Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari, 2022. Mtoto wa Chato, basi, alikaa nyumbani muda mfupi sana kuliko mwenzake wa visiwa vya Ssese. Twalisema hili mapema asije mtu akadhani tunailalamikia amri ya kufunga au ya kufungua. Tunazungumza habari za siku zilizokuwa katikati.

Ziko nchi ambako mzazi akitaka humfundisha mwanawe nyumbani kwa hiari yake. Marekani, mathalan, jambo hilo ni halali katika majimbo yote hamsini. Ujerumani, kinyume chake, ni marufuku, na mzazi anayeshikilia hufikishwa mahakamani. Kwetu sisi, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aliyetimiza umri aandikishwe shule na ahudhurie, na sisi tuliisifu sheria hiyo tangu zamani. Kwa hiyo tulipoketi barazani asubuhi ya Jumatatu, tarehe 20 Aprili, hatukuwa watu wa mageuzi. Tulikuwa wazazi waliochoka kuwaona watoto wakizurura.

Wanafunzi wetu walikuwa wanne. Binti yetu alikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani. Mdogo wake wa kiume alikuwa darasa la nne, naye alikuwa na mtihani wake wa upimaji. Mtoto wa ndugu yetu alikuwa darasa la pili, akijikongoja na kusoma, kuandika na kuhesabu. Wa nne alikuwa mvulana wa jirani, wa darasa la sita, ambaye baba yake ni mvuvi. Huyu hakualikwa na mtu. Alikuja siku ya kwanza na daftari lake ameliviringisha mkononi, akasimama kando ya nguzo, akatuamkia, na hatukuwa na moyo wa kumwambia arudi kwao. Walimu walikuwa sisi wenyewe, mama watoto, na mama yetu mzazi, ambaye watoto humwita Bibi na ambaye umri wake hautajwi.

Siku ya Jumatatu tulikuwa na ratiba. Ilikuwa nzuri, yenye mistari ya rangi mbili, tena imebandikwa ukutani kwa gundi ya unga: Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, na mapumziko. Ilidumu mpaka saa nne. Saa nne mama watoto akaitwa sokoni, mtoto wa darasa la pili akalia kwamba ana njaa, na sisi tukapigiwa simu ya kazi. Tuliporudi, binti alikuwa jikoni, wavulana wawili wakicheza gololi, na mdogo kuliko wote amelala juu ya kitabu cha kaka yake.

Tulikuwa tumetegemea redio. Katika miezi ile Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya masomo vilivyorushwa kwa redio na televisheni, na tunapenda kusema wazi kwamba mwalimu tuliyemsikia siku ile alikuwa hodari. Alieleza sehemu na desimali kwa sauti ya upole iliyotufanya hata sisi tuelewe jambo ambalo mwaka 1980 na kitu lilitupita. Lakini mwalimu wa redio hangoji. Alisema, "Sasa tazama mfano wa pili," na hapakuwa na mfano wa pili wa kutazama, kwa kuwa kitabu chenyewe kilikuwa kimefungiwa kabatini shuleni pamoja na vingine vyote.

Bibi, ambaye alikuwa akichambua mchele, ndiye aliyelitia jambo hilo maneno. "Nyie mmekosea," alisema. "Sisi tulikuwa na redio, tukawa na kitabu, tukawa na mtu."

Watoto hawakumwelewa, lakini sisi tulimwelewa, na yafaa tulieleze kwa vijana walioajiriwa katika ofisi za elimu baada ya zama zile. Kanda hii ya Ziwa ilikuwa mahali pa majaribio makubwa ya elimu ya watu wazima. Tangu mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, kisomo chenye manufaa kilianzishwa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, na Chato yetu ilikuwamo, kwa kuwa wakati ule ilikuwa chini ya Biharamulo. Vitabu vyake havikuanza na kuku na paka. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mwenye migomba kwa kitabu cha migomba. Mwaka 1971 Ukerewe na Mafia, wilaya mbili za visiwani, zikatajwa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya nyingine. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: majuma kumi na mawili, watu wapatao milioni mbili wameketi katika vikundi chini ya miti nchi nzima, kila kikundi na redio yake, kitabu chake, na kiongozi wake aliyefunzwa. Redio ilisema, kitabu kikaonyesha, na kiongozi akauliza, "Je, hapa kwetu choo kiko wapi?" Mara baada ya hapo watu waliondoka kwenda kuchimba.

Bibi alikuwa mmoja wa watu hao. Alijifunza kuandika jina lake akiwa na mtoto mgongoni. Ndiyo sababu aliweza kutuambia, bila ya kuacha mchele wake, kwamba mwaka 2020 tulipewa theluthi moja ya kitu kilichokuwa kamili mwaka 1973.

Tangu Jumanne tuliiacha ratiba ukutani kama pambo. Redio tuliisikiliza, lakini mama watoto alikwenda kumwomba mwalimu jirani vitabu vyake viwili, na Bibi akafanywa kiongozi wa kikundi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kila kipindi kinapokwisha aulize, "Amesemaje?" na mtoto amweleze. Bibi hajui desimali. Hilo lilikuwa faida, maana kumweleza asiyejua na asiyekubali kudanganywa kulimlazimu mtoto ajue kweli kweli.

Somo lililochanua kuliko yote lilikuwa Hisabati, na halikuchanua barazani.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kukumbushwa jinsi ziwa lilivyokuwa katika majuma yale. Mvua za mwisho wa mwaka 2019 na za masika ya 2020 zililijaza hata likapanda kingo. Mialo ilizama, vibanda vya kukaushia dagaa vikahamishwa, na watu waliojenga karibu na maji wakalala na miguu ndani ya maji. Mwezi Mei kipimo cha Jinja, kule Uganda ambako mto Nile unatoka, kilionyesha zaidi ya mita 13.4, kikagusa na kuipita alama ya Mei, 1964, iliyokuwa ya juu kuliko zote zilizokuwa zimeandikwa. Wazee wanaikumbuka ile ya kwanza pia. Ilitokana na mvua zilizoanza mwaka 1961, ambazo wengine waliziita mvua za Uhuru.

Jumanne jioni, wakati watu walipokuwa wachache mwaloni, tuliwachukua wale watatu wakubwa hadi ukingoni. Tulikuwa na fito moja iliyonyooka na rula ya shule. Kijana wa jirani, ambaye barazani alikuwa hasemi, ndiye aliyechonga alama za sentimita kwa kisu, moja moja, hadi mia, na kila ya kumi akaichonga ndefu. Akaichomeka mahali penye maji ya magotini, nyuma ya mawe, akatueleza kwa nini. "Hapa wimbi halifiki sana. Na tusome asubuhi, kabla upepo haujaamka." Hapana mtu aliyemfundisha hayo darasani. Tangu Jumatano alikwenda kila alfajiri, akaandika namba katika daftari lile alilokuja nalo limeviringishwa.

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa yamepanda sentimita moja tangu siku iliyotangulia. Binti yetu akauliza sentimita moja ya ziwa zima ni maji kiasi gani. Tuliona aibu kusema hatujui, tukaketi. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kilomita moja ya mraba ni mita za mraba milioni moja. Zidisha, kisha gawa kwa mia moja, maana sentimita ni mia ya mita. Jibu lilikuja mita za ujazo milioni 688. Mvulana wa darasa la nne hakuridhika, kwa kuwa hajapata kuona mita ya ujazo. Akataka ndoo. Mita moja ya ujazo ni lita elfu, ndoo ni lita ishirini. Ikawa ndoo bilioni 34 na milioni 400. Tuliziandika sifuri zote mchangani, na yule wa darasa la pili, ambaye kutembea juu ya namba kulimfurahisha kuliko kuzisoma, alizikanyaga moja moja akizihesabu kwa sauti. Alifika mwisho bila kukosea.

"Ndoo zote hizo ni sentimita moja?" aliuliza kijana wa jirani, akiutazama upeo wa maji ambao ameuona tangu kuzaliwa kwake. Hakusema zaidi. Lakini tangu saa ile Maarifa ya Jamii yalijifundisha yenyewe: maji yametoka wapi, yanakwenda wapi, nani yuko ng'ambo. Tukachora ziwa mchangani, tukaligawa: asilimia 51 Tanzania, 43 Uganda, 6 Kenya. Tukaonyesha ni wapi karibu na Mwanza aliposimama yule Mwingereza Speke mwezi Agosti, 1858, akalipa ziwa jina la malkia wake. Binti akauliza kama watu aliowakuta hapo hawakuwa na jina la ziwa. Tulimwambia walikuwa nalo. Akaandika jambo hilo katika daftari lake na kulipigia mstari.

Somo la rula liliendelea kwa samaki, nalo lilituponza kidogo. Sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Mvulana wetu wa darasa la nne, kwa bidii ya mwanafunzi mpya, alimfuata mvuvi mmoja aliyekuwa akishusha samaki akaanza kuwapima mmoja mmoja, akitaja urefu kwa sauti kubwa: arobaini na moja, thelathini na nane, arobaini na nne. Mvuvi alimwangalia, akatuangalia sisi, akasema kwa utulivu, "Mwanangu, hiyo rula kaifiche." Tulitoka pale haraka. Njiani tulijadiliana naye habari za Uraia na Maadili, na twakiri kwamba mtoto ndiye aliyekuwa na hoja.

Kuhusu Sayansi tutasema machache. Watoto walitengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono kwa dumu, kamba na kijiti cha kukanyaga, nacho kilidumu mpaka mbuzi alipoila kamba. Tulisoma habari za kichocho, kwa sababu wote wanne huogelea: jinsi mdudu anavyoishi ndani ya konokono wa majini, akatoka, akaingia katika ngozi ya mtu. Bibi akasema hayo yote aliyasikia kwenye Mtu ni Afya. Kiingereza kilitushinda. Hatuoni sababu ya kulipamba jambo hilo. Sisi tuna Kiingereza cha barua za ofisi, mama watoto ana kidogo, Bibi hana, na mwalimu wa redio akisema kwa Kiingereza hakuna wa kuuliza "Amesemaje?" Ikiwa somo hilo limeshinda nyumba ya mwandishi wa gazeti, viongozi wetu na wakadirie hali ya kambi ya wavuvi.

Jioni ya Alhamisi ilikuwa ya Historia, ambayo tuliitoa kabatini ingawa haikuwamo katika ratiba kwa jina lake. Bibi aliwasimulia habari za Rubondo. Watoto wanakijua kisiwa hicho kama mahali pa watalii, chenye tembo, twiga na sokwe. Hawakujua kwamba watu waliishi humo, Wazinza wavuvi na wakulima, na kwamba walihamishwa miaka ya sitini kisiwa kilipofanywa pori la akiba mwaka 1965, kabla hakijawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Hawakujua kwamba hao sokwe nao ni wageni: kumi na saba waliletwa kwa meli kutoka Ulaya, ambako walifugwa, wakaachiwa humo kati ya mwaka 1966 na 1969 kwa juhudi za Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt. "Watu wakatoka, sokwe wakaingia," alisema mvulana wa darasa la nne, na Bibi akacheka hata akajifuta macho kwa kanga. Kisha akawasimulia Warongo, wafua chuma wa nchi hii, waliokuwa wakiyeyusha mawe kwa mivukuto kabla jembe la dukani halijafika, na watu wakiyafuata majembe yao kutoka mbali. Watoto walipouliza kama ndio waliokuwa wakichimba dhahabu ya Geita, alisema hapana, dhahabu ilikuja kuchimbwa na wazungu, nayo alisema kweli: mgodi ule ulianza miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000.

Hapo tulipata somo la Kiswahili bila ya kulitafuta. Kwa mvuvi, mwalo ni mahali pa kutia mitumbwi na kushusha samaki. Kwa mchimbaji wa dhahabu, mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa mawe yaliyosagwa. Binti akasema, "Kwa hiyo kaka zetu wakiacha shule, wote wanakwenda mwaloni." Tulilichukua neno hilo kuwa mzaha wa mtoto mwenye akili, tukaliandika.

Ijumaa kijana wa jirani hakuja.

Tulidhani anaumwa. Mchana tulikwenda kwao, tukabisha hodi, tukakaribishwa vizuri. Mama yake alitueleza bila ya kuficha. Mwezi ulikuwa umekufa, giza limeingia. Msomaji wa kisiwani ameshaelewa. Kwa mheshimiwa wa ofisini tutaeleza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vyema usiku usio na mbalamwezi. Juma lile mwezi uliandama, ndugu zetu Waislamu wakaanza mfungo wa Ramadhani, na mitumbwi yote ikaingia majini. Baba yake alikuwa amepungukiwa mtu mmoja wa kuvuta wavu. "Shule imefungwa," alisema mama yule, "na mtoto anakula." Hatukuwa na la kumjibu. Mwezi wa Machi tungemjibu kwamba mwalimu atamwandika mtoro. Sasa hapakuwa na mwalimu, hapakuwa na daftari la mahudhurio, na hapakuwa na mtoro.

Tuliporudi nyumbani tulifanya hesabu nyingine, ya masaa. Katika daftari letu tulikuwa tumeandika nani ameketi na kitabu kwa muda gani. Kwa siku tano mvulana wetu wa darasa la nne aliketi saa kumi na tano na nusu. Binti yetu, mwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, aliketi saa saba. Tulizipitia siku zile upya. Maji, saa nzima. Kuni. Uji wa mdogo wake. Vyombo. Kila tulipomwita mtu wa kutusaidia, jina lililotoka kinywani mwetu lilikuwa lake, nasi tulikuwa walimu wake wakati huo huo. Shuleni kengele ilikuwa ikimlinda. Jambo hilo tulimweleza mama watoto, ambaye alitutazama kama mtu anayengoja jirani amalize kumweleza njia ya kwenda kwake. Juma lililofuata maji yalichotwa na mvulana. Alilalamika sana, naye alijifunza ujazo.

Jumapili tarehe 26 Aprili ilikuwa Siku ya Muungano, ambayo sherehe zake zilikuwa zimefutwa mwaka ule, na fedha zake kuelekezwa katika vita dhidi ya ugonjwa. Tulipumzika. Ratiba ilibaki ukutani mpaka gundi ikaachia.

Binti alifanya mtihani wake Oktoba, akafaulu, na leo amekwisha kuwa mtu mzima mwenye mambo yake. Kijana wa jirani hakurudi tarehe 29 Juni. Mwalimu wake, ambaye tunamheshimu, alikwenda kwao mara mbili. Mara zote mbili alikuwa kisiwani kambini. Mwaka uliofuata, ambao ungekuwa wa mtihani wake, alikuwa akipokea sehemu yake ya mapato kama mtu mzima. Ametupitia mara moja tangu wakati ule, amekuwa mrefu, ana mkono mpana wenye kovu la kamba. Alituletea samaki. Alimshika kwa mkono mmoja, akamtupia jicho, akasema, "Hamsini na mbili huyu, msiwe na wasiwasi." Tulipompima jikoni kwa rula alikuwa hamsini na mbili na nusu.

Ipo milango iliyo wazi kwake, na tunaitaja kwa kuwa kambini haijulikani. Upo mpango wa MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi, na upo Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliowaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurejea. Waraka huo watu wengi wanaujua kwa habari ya wasichana waliopata ujauzito, nalo ni jambo jema. Lakini hatujapata kumwona ofisa akiupeleka kambini kumsomea mvulana anayevuta wavu. Kadhalika tumeisoma Sera ya Elimu toleo la 2023, pamoja na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari, 2024, ambayo inasisitiza stadi za kazi na maarifa ya mahali mtoto anapoishi. Tulipoisoma tuliikumbuka ile fito. Ndani yake zilikuwamo hesabu, jiografia na sayansi kwa pamoja, na aliyeichonga hakuwa mwalimu.

Ombi letu kwa waheshimiwa si kubwa. Visiwani shule hukatika hata bila ya korona: ziwa likichafuka mwalimu hukwama bara kwa siku kadhaa, na kipindupindu kikiingia kambini watoto hubaki nyumbani. Kila shule ya kisiwani na ya mwambao iwe na sanduku la karatasi za masomo ya juma moja kwa kila darasa, zilizochapwa tayari, zikiwa na saa za vipindi vya redio, na kila kitongoji kiwe na mtu mmoja aliyefunzwa kwa siku mbili tatu namna ya kuuliza "Amesemaje?" Watu hao wapo. Wengine ni mabibi waliofuzu mwaka 1973, na hawatakuwapo siku zote.

La pili ni la kuhesabu tu. Daftari la mahudhurio la Machi, 2020, liwekwe kando ya lile la Julai, 2020, shule kwa shule na kisiwa kwa kisiwa, na majina yaliyopungua yaandikwe katika karatasi moja pamoja na mahali alipo kila mmoja wao leo. Madaftari hayo yamo katika makabati ya walimu wakuu, hayahitaji fungu jipya la fedha. La shule yetu tumeliona kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Katika darasa lile la sita jina la kijana wetu limo katika mwezi wa Machi, limewekewa alama ya kuwapo kila siku hadi siku ya kufungwa. Katika mwezi wa Julai limeandikwa tena kwa wino ule ule, na visanduku vyake vyote ni vitupu.